Uaminifu Huanzia kwenye Daftari

Tanzania na Kenya ni nchi za biashara ndogo, na takwimu zinaonyesha ni ndogo kiasi gani. Utafiti wa kitaifa uliotolewa nchini Tanzania mwaka 2012 ulihesabu biashara zaidi ya milioni 3 zilizowapa kazi watu wapatao milioni 5. Nchini Kenya, utafiti wa Shirika la Taifa la Takwimu wa mwaka 2016 ulikuta biashara ndogo na za kati milioni 7.4, zenye watu karibu milioni 15. Ukigawanya hesabu hizo, biashara moja ya Tanzania haifikishi watu wawili na ya Kenya inawagusa wawili, na katika idadi hiyo mwenye biashara mwenyewe amekwisha kuhesabiwa. Sera ya Tanzania ya viwanda vidogo na biashara ndogo ya mwaka 2003 inaiita biashara yenye watu 1 hadi 4 kuwa ndogo sana, na ile yenye watu 5 hadi 49 kuwa ndogo. Mpaka kati ya madaraja hayo ni mtu mmoja tu, lakini biashara nyingi huzaliwa, huzeeka na kufa bila kuuvuka.

Sababu zinazotajwa kila siku tunazijua: mtaji mdogo, riba kubwa, kodi, soko lisilotabirika. Zote ni za kweli. Ipo nyingine isiyosemwa sana kwa sababu inamgusa mwenye biashara mwenyewe. Aliyeanza peke yake, akanunua, akauza, akapika, akashona, akapokea fedha na kufunga mlango usiku, amezoea kuwa biashara ni yeye. Siku anapoajiri mtu wa kwanza, kazi yake imebadilika, ila mara nyingi hajui kuwa imebadilika. Anaendelea kufanya yote aliyokuwa akifanya, anaongeza na kumlinda huyo aliyemwajiri, na baada ya miezi michache anasema kuajiri ni hasara. Anaamini tatizo ni kukosa mtu mwaminifu, na kwamba akimpata atamwachia kazi. Hoja ya makala haya ni kwamba mpangilio huo umepinduliwa. Uaminifu wa kazini hauokotwi mitaani ukiwa umekamilika. Huzaliwa pale ambapo kazi imeelezwa, imepimwa na kuandikwa, na jukumu la kuandaa mahali hapo ni la mwenye biashara.

Tumchukue fundi cherehani, kwa kuwa kazi yake inaonekana kwa macho. Akiwa peke yake anapima, anakata, anashona, anatia vifungo, anapiga pasi na kupatana bei. Ubora wote uko kwenye vidole vyake na hesabu zote ziko kichwani. Hali hiyo inamtosha mpaka shule inapomletea oda ya sare mia mbili, zinazotakiwa kabla ya Januari. Hapo ana njia mbili: kukataa oda au kuwaita mafundi wengine. Akiwaita, ndipo inapobainika kwamba hakuna mahali palipoandikwa vipimo, wala sampuli iliyotundikwa, wala makubaliano kuhusu upana wa upindo au idadi ya nguo ambazo fundi mmoja anapaswa kumaliza kwa siku. Kila fundi anashona alivyofundishwa kwingine. Sare zinatofautiana, mwenye kazi anakesha akifumua, kisha anatangaza kwamba mafundi wa siku hizi hawafai. Huenda wapo wasiofaa. Lakini hata fundi bora hawezi kutimiza kiwango ambacho hakijatoka kichwani mwa aliyempa kazi.

Kuna ushahidi mzito wa jambo hili kutoka India. Wachumi wakiongozwa na Nicholas Bloom wa Chuo Kikuu cha Stanford walifanya jaribio katika kampuni 17 za kufuma vitambaa karibu na Mumbai, na matokeo yakachapishwa mwaka 2013. Baadhi ya viwanda vilichaguliwa kwa bahati nasibu vikapewa bure washauri wa uendeshaji kwa miezi kadhaa. Ushauri wenyewe haukuwa wa ajabu: safisha sakafu, panga stoo ujue uzi upi uko wapi, andika kila mashine inaposimama na kwa nini, hesabu kasoro za kila siku, kaa na wasimamizi mjadili takwimu hizo. Katika mwaka wa kwanza ufanisi wa viwanda vilivyoshauriwa ulipanda kwa asilimia 17, na ndani ya miaka mitatu wenye viwanda hivyo walikuwa wamefungua viwanda vingi zaidi kuliko wenzao. Viwanda hivyo vilikuwa vikubwa kuliko karakana zetu nyingi, lakini ugonjwa ulikuwa uleule. Watafiti walikuta kwamba ukubwa wa kampuni ulitegemea mno idadi ya wanaume wa ukoo waliopatikana kuisimamia, kwa sababu mwenye kampuni hakumwamini mtu wa nje kumwachia uamuzi. Mwenye ndugu wengi alikuwa na viwanda vingi; mwenye ndugu wachache alikwama, hata kama alikuwa hodari kuliko yule.

Jambo la kuzingatia ni lililofuata. Baada ya takwimu kuanza kuandikwa kila siku, wenye viwanda walianza kuwaachia wasimamizi wao maamuzi zaidi. Tabia za wasimamizi hazikuwa zimebadilika kwa miezi michache, na hakuna aliyewahubiria wenye mali kuhusu kuwaamini watu. Kilichobadilika ni kwamba sasa mwenye kiwanda aliweza kuona kilichofanyika bila kuwapo. Hofu ilipungua kwa kuwa giza lilipungua. Wahenga wetu walikwisha kusema kwamba mali bila daftari hupotea bila habari, na sisi huichukua methali hiyo kama onyo la kuwabana wezi. Ina upande wa pili: pasipo daftari hata kijana mwaminifu hana namna ya kuthibitisha uaminifu wake. Duka likipungukiwa, yeye ndiye mtuhumiwa wa kwanza, na hana ushahidi wa kumtetea. Kumbukumbu za kila siku zinamlinda yeye kama zinavyomlinda tajiri wake.

Pingamizi la kwanza halikawii: watu wanaiba. Paka akiondoka, panya hutawala. Ni kweli kwamba wizi wa wafanyakazi umezika maduka mengi, na si busara kumwambia mtu aache mtaji wake mikononi mwa mgeni kwa kutegemea nia njema. Lakini tuangalie jinsi wizi mwingi unavyotokea. Bidhaa hazikuhesabiwa asubuhi, hivyo hakuna ajuaye kilichopungua jioni. Bei haijaandikwa, hivyo muuzaji anamtajia mteja yake na tofauti inaingia mfukoni. Mwenye duka mwenyewe anachota kwenye droo fedha za nauli, mchango wa harusi na ada ya mtoto bila kuandika, na kwa kufanya hivyo anafuta mpaka kati ya upungufu wake na wa mfanyakazi. Dawa ya hayo ni kuhesabu stoo kila wiki, kuandika bei, kufunga hesabu kila jioni kwa sahihi za wote wawili, na mwenye biashara kujilipa mshahara unaojulikana badala ya kuchota. Malipo kwa simu yamerahisisha kazi hii kuliko wakati wowote uliopita. M-Pesa ilianza Kenya mwaka 2007 na Tanzania mwaka 2008, na leo mwenye genge anayepokea kwa Lipa Namba anaweza kuona kila malipo yanayopita huko hata akiwa safarini. Paka anaweza kuondoka, mradi ameacha mahesabu.

Daftari peke yake, hata hivyo, halimfanyi mtu kuwa msimamizi. Wapo wanaoandika kila kitu na bado wanapigiwa simu mara thelathini kwa siku kuulizwa kama mteja apunguziwe shilingi mia tano. Hatua ya pili ni kukabidhi uamuzi, na ndiyo inayouma zaidi. Mfanyakazi aambiwe wazi: unaweza kupunguza bei hadi kiasi hiki, unaweza kununua vifaa vya kiasi hiki bila kuniuliza, mteja akirudisha bidhaa yenye kasoro mbadilishie papo hapo, zaidi ya hapo nipigie. Mipaka ikishawekwa, iheshimiwe na aliyeiweka. Mara nyingi mteja wa zamani akikataliwa punguzo na muuzaji humpigia mwenye duka moja kwa moja, naye kwa haya ya kujuana humkubalia. Siku hiyo mteja amejifunza kwamba neno la muuzaji halina uzito, na muuzaji amejifunza kwamba hana haja ya kufikiri. Wiki ijayo wote wawili watampigia mwenye duka, naye atalalamika kwamba hapumziki. Kama muuzaji amekosea, mahali pa kumwelekeza ni faragha baada ya mteja kuondoka, kisha mpaka urekebishwe kwa siku zijazo.

Wengi hujaribu kukwepa kazi hii yote kwa kuajiri ndugu. Kijana analetwa kutoka kijijini, analala nyumbani kwa tajiri, anakula mezani kwake, na badala ya mshahara anaahidiwa kwamba siku moja atafunguliwa biashara yake. Mpango huu una heri zake: umewatoa vijana wengi mashambani na kuwapa ujuzi ambao hakuna shule iliyoufundisha. Lakini udugu hauchukui nafasi ya utaratibu. Ahadi isiyo na tarehe wala kiasi huzaa kinyongo kwa pande zote mbili: kijana anaona ananyonywa, tajiri anaona hashukuriwi. Kumwonya ndugu kunaitisha kikao cha ukoo, na kumwachisha kazi kunavunja undugu. India imetuonyesha pia kwamba anayetegemea damu pekee atakua kwa kadiri ya ukoo wake, kisha atasimama. Ndugu aajiriwe kama anafaa, ila naye apewe kazi iliyoandikwa, malipo yanayojulikana na hesabu za jioni sawa na mwingine yeyote.

Pingamizi la pili ni zito zaidi, kwa sababu linatoka kwa watu waliokwisha kuumia: nikimfundisha kila kitu, ataondoka afungue duka lake mtaa wa pili na wateja wangu. Inatokea, na itaendelea kutokea, kwani nchi ambayo kila fundi anatamani kuwa na karakana yake haiwezi kuwazuia mafundi kuondoka. Swali ni hasara ipi kubwa. Biashara inayoficha ujuzi wake wote kwa mtu mmoja inafungwa siku mtu huyo anapolazwa hospitali. Isitoshe, anayeondoka mapema mara nyingi ni yule ambaye hakuwahi kukabidhiwa lolote, kwa maana hana cha kumshika. Jaribio lililofanyika Ghana, ambapo wanagenzi waligawiwa kwa biashara ndogo kwa bahati nasibu, lilionyesha kwamba waliowapokea walipata mauzo na faida kubwa zaidi kuliko wasiowapata. Mwanagenzi anayekaa miaka mitatu akizalisha kwa ubora kisha akaondoka kwa heri amekwisha kulipa gharama ya kufundishwa, na huenda akawa wa kupokezana naye oda zinapozidi.

Wengine watasema makala haya yanazunguka jambo lenyewe, kwamba shida ni fedha: nipe mtaji nitaajiri. Serikali pia zinaelekea kufikiri hivyo. Halmashauri za Tanzania hutakiwa kutenga asilimia 10 ya mapato ya ndani kwa mikopo ya wanawake, vijana na watu wenye ulemavu, na hilo ni jema. Lakini fedha za kuajiri si sawa na uwezo wa kusimamia. Nchini Sri Lanka watafiti waliwalipia wenye biashara ndogo sehemu ya mshahara wa mfanyakazi mpya kwa muda maalumu. Wakati ruzuku inatoka, waliajiri. Ilipokwisha, ajira hazikudumu, na biashara hazikubaki kubwa kuliko zile zisizopewa. Mkono wa ziada ulikuja ukaondoka, nayo biashara ikabaki ya mtu mmoja. Mtaji unahitajika, ila ukiwekwa juu ya biashara isiyo na utaratibu unaongeza ukubwa wa vurugu.

Lipo pingamizi moja ambalo sina budi kulikubali kwa sehemu kubwa: si kila mtu anapaswa kukua. Mjini Accra, watafiti waliwapa mafundi cherehani fedha, ushauri wa wataalamu, au vyote viwili. Mafundi walijaribu mbinu mpya, wakawekeza, lakini faida haikupanda, na baada ya muda wengi walirudia namna yao ya zamani. Walikuwa na akili timamu, waliona kilichowafaa. Fundi anayeishi vizuri kwa kazi ya mikono yake, anayependa cherehani kuliko vikao, hana deni kwa mtu yeyote la kuwa bosi. Kinachodhuru ni kukaa katikati: kuajiri kama mtu anayetaka kukua na kufanya kazi kama mtu aliye peke yake. Anayechagua kubaki mdogo achague akijua, akatae oda zinazozidi uwezo wake na kupandisha bei ya ustadi wake. Anayechagua kukua akubali kwamba kipimo cha siku yake kimebadilika. Zamani alijiuliza jioni ameshona nguo ngapi. Sasa ajiulize wenzake wameshona ngapi, kwa ubora gani, na nini kiliwakwamisha ambacho yeye angeweza kukiondoa. Siku za mwanzo atajiona mvivu, kwa sababu kupanga, kukagua na kufundisha hakuachi kitu cha kukunja na kuweka kabatini. Hisia hiyo isimrudishe kwenye cherehani.

Wala kusimamia hakumaanishi kujua yote. Wapo wanaoahirisha kuajiri wakisubiri kwanza wasome uhasibu, masoko na kompyuta. Jaribio kubwa la Nigeria lililochapishwa mwaka 2022 lililinganisha njia nne za kusaidia biashara ndogo: kumfundisha mwenye biashara darasani, kumpa mshauri, kumsaidia kuajiri mtaalamu, na kumkodishia huduma ya mtaalamu wa nje kwa kazi kama hesabu au masoko. Kumwajiri au kumkodi mtaalamu kulileta matokeo mazuri kuliko darasa, na kulifikia au kupita yale ya mshauri kwa gharama ndogo zaidi. Funzo lake kwetu liko wazi: anayejua kushona aendelee kuwa mjuzi wa kushona, na mahesabu ampe mhasibu anayekuja mara mbili kwa mwezi. Hata kukubali kwamba mwingine anajua zaidi ni sehemu ya usimamizi. Mfanyabiashara Mtanzania Reginald Mengi alianzia kuunganisha kalamu nyumbani kwake Dar es Salaam, na makampuni ya IPP yaliyofuata, yenye magazeti, televisheni na viwanda, yasingeweza kuendeshwa na mtu anayetaka kila kalamu ipite mkononi mwake.

Utaratibu una upande wa haki pia, na bila upande huo daftari linageuka fimbo. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya Tanzania ya mwaka 2004 inamtaka mwajiri ampe mfanyakazi maelezo ya ajira yake kwa maandishi. Saa za kawaida za kazi zisizidi 45 kwa wiki, na likizo ya mwaka yenye malipo ni siku 28. Michango ya mfuko wa hifadhi ya jamii, NSSF, ni asilimia 20 ya mshahara, na mfanyakazi hakatwi zaidi ya nusu ya michango hiyo. Waajiri wadogo wengi huona masharti haya ni ya makampuni makubwa, wakisema hawawezi kuyamudu. Gharama ipo, na oda isiyoweza kulipia mshahara halali ni oda iliyopangiwa bei ya chini mno. Anayedai mfanyakazi afike saa moja kamili, ahesabu kila senti na asajili kila kosa, huku mshahara wenyewe ukichelewa hadi tarehe 15 na kulipwa vipande vipande, anajenga utaratibu wa upande mmoja. Mfanyakazi huyo atajilipa mwenyewe kwa njia anazozijua, kisha ataitwa mwizi. Kulipa kwa tarehe iliyoahidiwa ni ulinzi wa mali kuliko kufuli.

Kwa hiyo wito wangu kwa mwenye biashara anayetaka kuvuka mpaka wa mtu mmoja ni wa kuanzia wiki hii, kabla ya mkopo na kabla ya kumpata huyo mtu mwaminifu anayesubiriwa. Chagua kazi moja tu unayoifanya kila siku. Iandike hatua kwa hatua, pamoja na kipimo cha kuonyesha imefanywa vizuri. Mfundishe mtu, mwangalie akiifanya, mpe mpaka wa uamuzi wake, kisha muachie na mkague hesabu pamoja kila jioni. Ikikaa sawa, chukua ya pili. Kwa halmashauri, benki na vyuo vinavyowafunza wajasiriamali, wito ni kwamba mafunzo yanayoishia kwenye mchanganuo wa mkopo yaongezewe somo la kumsimamia mfanyakazi wa kwanza. Kidole kimoja hakivunji chawa, na mamilioni ya biashara zetu yamesimama kwenye kidole kimoja. Hazitapata cha pili mpaka wenye biashara wakubali kwamba kuandaa kazi ya wenzao ni kazi kamili, inayostahili muda wao kuliko nyingine yoyote.